Kigunduzi cha metali hakinyamazi tangu kibadilishwe koili: pa kuanzia, hatua kwa hatua

Swali: Niliunda kigunduzi cha metali cha mipigo: ICM7555 inayotoa mpigo, transista BC557 inayosukuma transista kubwa IRF740, TL072 ya kukuza na spika ndogo, betri ya volti 12. Kwa koili ya sentimita 19, mizunguko 25 ya waya wa milimita 0.5, kilikuwa kinaona sarafu kwa sentimita 15 hivi. Nikataka kina zaidi, nikasuka koili ya sentimita 30 kwa mizunguko ile ile 25. Katika kuhangaika TL072 ikaungua, nikaweka LM358 kwa kuwa miguu inafanana. ICM7555 nayo nikaitoa nikaweka NE555, na betri nikaiacha nikachomeka adapta ya volti 12. Sasa kinaunguruma muda wote, IRF740 haishikiki kwa joto, sarafu hakioni kabisa, kinaona sufuria tu. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kurudisha koili ya zamani na betri ya zamani. Umebadilisha vitu vinne kwa pamoja, na ninavyosoma maelezo yako, kila kimoja kimeleta kosa lake. Ukiendelea kusaka na vyote vinne vikiwa ndani, utarekebisha kimoja na hutaona tofauti yoyote, kwa sababu vitatu vilivyobaki vinaendelea kukuchezea.

Kabla ya kushika bisibisi, weka picha hii kichwani. Takribani mara 139 kwa sekunde, 555 (iwe ICM7555 au NE555) inafungua IRF740 kwa maikrosekunde 139 hivi. Katika muda huo mkondo wa koili unapanda mpaka karibu ampia 3.7. IRF740 ikikata ghafla, koili inakataa kuachia mkondo na volti kwenye mguu wa dreni (ule wa IRF740 unaoshika koili) inaruka mpaka inapozuiwa na transista yenyewe, kwenye volti 400. Halafu inatakiwa itulie mara moja. Kukiwa na metali karibu, umeme mdogo unaozunguka ndani ya ile metali unaurefusha mkia wa mpigo, na opampu (IC ya kukuza, yaani ile TL072) inautazama mkia huo. Kwa hiyo kifaa chako hakijui metali. Kinajua mkia tu. Chochote kinachorefusha au kutikisa mkia, iwe sarafu, iwe resista isiyofaa, iwe transista inayochelewa kukata, kwake ni metali.

Adapta

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, tuimalize. Adapta ndogo za siku hizi hukatakata umeme kwa kasi ya maelfu mengi kwa sekunde, na kelele yake inaingia moja kwa moja kwenye opampu yenye ukuzaji mkubwa. Zaidi ya hapo, adapta ya ampia 1 haiwezi kutoa ampia 3.7, hata kama ni kwa muda mfupi kiasi hicho. Anayetoa mkondo wa mpigo ni kapasita iliyo jirani na koili. Kila mpigo unanyonya karibu milikulombu 0.3. Kapasita ya maikrofaradi 100 ikitozwa kiasi hicho inashuka volti 3, ilhali ya 1000 inashuka volti 0.3 tu. Weka 1000 au 2200, ya volti 25, iliyolehemiwa karibu kabisa na pale waya chanya wa koili na mguu wa sosi wa IRF740 (ule unaokwenda hasi) vinapokutana na umeme. Kwa sosi na koili tumia waya mnene na mfupi. Hasi ya opampu iende yenyewe mpaka kwenye mguu wa kapasita hiyo, isipitie njia moja na hasi ya sosi. Hata sentimita chache za njia nyembamba ya bodi zikipitisha ampia 3.7 zinazaa milivolti za kutosha kuidanganya opampu.

Kuna mtego hapa. Wengi wakisikia kelele hutia resista ya omu 100 kwenye njia ya chanya inayokwenda TL072 ili kuichuja. Kwenye saketi hii usifanye hivyo. Sababu utaiona tukifika kwenye opampu.

IRF740 inachemka: kosa liko kwenye 555

Transista inayofanya kazi chini ya asilimia 2 ya muda haipaswi kuwa moto. Ikichemka, basi haifungi, yaani haikati mkondo.

Chanzo ni ule ubadilishaji wa 555. ICM7555 ikitoa volti ya juu, mguu wa 3 unafika karibu kabisa na volti 12. NE555 ya kawaida haifiki: ndani yake kuna transista mbili zilizofuatana upande wa juu, kwa hiyo mguu wa 3 unaishia kwenye volti 10.5 hivi. Sasa tazama BC557. Emita yake iko kwenye 12, na beizi (mguu unaoiamuru) inaanza kuifungua ikishuka mpaka 11.3. Mguu wa 3 ukiwa 10.5, kupitia resista ya beizi ya kilo-omu 1 unavuta karibu miliampia 0.8 wakati wote. Kwa BC557 hiyo inatosha kubaki wazi. Geti ya IRF740 (mguu unaoiamuru) inashikiliwa juu, koili inakula umeme bila kupumzika, na joto unalijua.

Thibitisha kabla ya kurekebisha. Toa koili, na mahali pake unga balbu ndogo ya gari ya volti 12, wati 5. Mpigo wa asilimia 2 hauwezi kuiwasha; nyuzi zitabaki nyeusi au zitakuwa na wekundu hafifu unaoonekana gizani tu. Balbu ikiwaka vizuri, IRF740 iko wazi muda wote. Kisha pima kwa multimita upande wa volti za DC: mguu wa 3 wa 555 uonyeshe karibu 11.7, na geti ya IRF740 karibu 0.2. Hiyo 0.2 ni wastani tu wa volti 12 inayotokea kwa asilimia 2 ya muda, na ndiyo dalili nzuri. Ukikuta 10.3 kwenye mguu wa 3 na volti 11 kwenye geti, umepata mgonjwa wako.

Dawa ni resista moja ya kilo-omu 1 kutoka mguu wa 3 kwenda chanya ya volti 12. Inauvuta mguu ule juu mpaka BC557 ifunge sawasawa. Au rudisha ICM7555 ukiwa nayo.

Hapo hapo itazame resista inayotoka geti ya IRF740 kwenda hasi. Kazi yake ni kuiondolea geti chaji ili ikate haraka. Geti hiyo ina takribani pikofaradi 1400. Kwa kilo-omu 10 inachukua maikrosekunde 14 na zaidi kushuka, na mkia unakuwa umeharibika kabla metali haijahusika. Weka kati ya omu 220 na 470. BC557 inazimudu kwa mpigo mfupi namna hii.

Na endapo IRF740 imekufa kwa joto, usikimbilie IRFZ44N kwa sababu ndiyo iliyo mezani. Itawaka, italia, na itakuwa kipofu. Ile ni ya volti 55. Muda wa koili kumwaga mkondo wake unategemea volti inayoruhusiwa kupanda: kwa 400 ni karibu maikrosekunde 3, kwa 55 ni karibu 20. Sehemu kubwa ya dalili ya sarafu ndogo inakuwa imekwisha ndani ya muda huo. IRF840 ya volti 500 inafaa badala yake.

LM358 si ndugu wa TL072

Miguu inafanana, tabia hazifanani. Kwenye michoro ya aina hii koili imening'inia kwenye chanya, siyo kwenye hasi, kwa hiyo viingilio vya opampu ya kwanza vinakaa karibu kabisa na volti 12. TL072 imeundwa kusikia mpaka kwenye volti ya chanya yake. LM358 ni kinyume: inasikia mpaka chini kwenye hasi, lakini juu inaishia volti 1.5 hivi kabla ya chanya. Ulichofanya ni kuiwekea ishara mahali ambapo haisikii. Hapo vitufe vya kurekebisha haviwezi kusaidia hata ukivizungusha mpaka vikatike.

Ndiyo maana pia nilikataza ile resista ya omu 100 kwenye chanya ya opampu. TL072 inakula karibu miliampia 3. Kwenye omu 100 hiyo ni volti 0.3 inayopotea, na viingilio vinabaki juu ya chanya ya IC yenyewe. Ukitaka kuchuja, isizidi omu 10, pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 iliyokaa kwenye mguu wa 8 na wa 4 bila waya mrefu.

Rudisha TL072, na safari hii iweke kwenye soketi. Ila usiichomeke kabla hujajua kwa nini ya kwanza ilikufa. Kati ya dreni na opampu kuna resista ya kilo-omu 1 na dayodi mbili za 1N4148 zilizofungwa kinyume, moja ikitazama huku na nyingine kule. Hizo ndizo zinazoikinga opampu na volti 400. Zima, toa koili, toa IC, kisha pima dayodi hizo kwa multimita kwenye alama ya dayodi. Uone karibu 0.6 ukiweka nyaya hivi, na 0.6 tena ukizigeuza. Ukiona 0.6 upande mmoja na upande mwingine hakuna kitu, moja imekatika au zote zimefungwa kuelekea upande mmoja. Ukiona sifuri, moja imeshikana. Zibadilishe zote mbili, bei yake haistahili kufikiriwa. Resista ya kilo-omu 1 nayo iwe ya wati 0.5 au 1. Ya robo wati mara nyingi haikuundwa kuhimili volti 400.

Hapa nisisitize: usiguse dreni wala nyaya za koili kifaa kikiwa kimewashwa, na usithubutu kuunganisha dreni kwenye simu au kompyuta kwa nia ya kuiona kwenye programu ya osiloskopu (inayochora umbo la mpigo). Mpigo mmoja unatosha kuua kiingilio cha sauti.

Sasa koili

Koili ya zamani iwe imeshafanya kazi kama ilivyokuwa: sarafu sentimita 15, kifaa kimya ukirekebisha, IRF740 baridi, na matumizi ya umeme kati ya miliampia 40 na 70 ukipima kabla ya ile kapasita kubwa. Hapo ndipo ushike koili ya sentimita 30. Kabla ya hapo usiiguse.

Koili yako ya kwanza ina takribani maikrohenri 300 na omu 1.3. Hii ya pili, kwa mizunguko ile ile 25, ina takribani maikrohenri 530 na omu 2.1, maana waya umekuwa mrefu. Mpigo ni ule ule wa maikrosekunde 139, koili imekuwa nzito zaidi, basi mkondo haufiki 3.7 tena, unaishia karibu ampia 2.3. Umeongeza upana ukapoteza nguvu. Punguza mizunguko mpaka 19. Inarudi kwenye maikrohenri 300 na kitu, mkondo unarudi karibu ampia 3.5, na waya unaohitaji ni karibu mita 18, mbali na ncha. Mpigo hauna haja ya kuurefusha. Wapo wanaopandisha resista ya mpigo toka kilo-omu 2 hadi 4 ili "kuongeza nguvu". Betri inaisha mapema, IRF740 inapata joto, na kina kinaongezeka kidogo mno.

Jambo la pili, ambalo nadhani hukuligusa kabisa, ni resista iliyofungwa sambamba na koili, kwako pengine omu 390. Hiyo ndiyo inayomtuliza farasi baada ya kuruka. Koili pamoja na uwezo mdogo wa kapasita uliomo kwenye mizunguko yake, kwenye kebo na ndani ya IRF740 ni kama kengele: ukiipiga inalia. Resista ikiwa kubwa mno, kengele inaendelea kulia baada ya mpigo, opampu inaona mkia unaotikisika, na kifaa hakinyamazi au kinalia ukikaribisha mkono. Resista ikiwa ndogo mno, koili inatulia kwa uvivu, mkia unakuwa mrefu kwa kila kitu, na sarafu inazama ndani yake. Kifaa kitakuwa kimya, kitaona sufuria na mfuniko wa pipa, sarafu hapana. Omu 390 kwenye koili ya maikrohenri 530 inaelekea upande huu wa pili, na inaeleza sehemu ya habari ya sufuria yako.

Ya kutosha haikokotolewi mezani, inatafutwa. Huna osiloskopu, basi fanya hivi. Chukua resista za omu 270, 330, 390, 470, 560 na 680, za filamu ya metali au oksidi, wati 1 au 2. Zile nyeupe za saruji usiziguse: ndani ni waya uliosokotwa, yaani koili nyingine ndogo, nayo itaharibu kipimo. Bandika sarafu moja kwenye ncha ya kijiti cha mbao. Laza koili juu ya meza isiyo na misumari, saa na pete viwe mbali, nawe usimame pale pale kila mara. Kwa kila resista: zima, funga, washa, subiri dakika moja, rekebisha mpaka kigonge mara moja moja kwa mbali, kisha shusha sarafu polepole katikati ya koili na uandike sentimita ambazo sauti inabadilika. Ukipanda kutoka 270, umbali utakuwa unaongezeka, halafu ghafla utafika mahali ambapo kifaa kinakuwa na wasiwasi, hakitulii. Rudi hatua moja nyuma. Kwa koili ya mizunguko 19 tarajia kitu kati ya 330 na 560.

Ukipata, usiifunge ndani ya boksi. Ilehemu kwenye plagi ya kebo ya koili ile ile, na ya koili ndogo ilehemu kwenye plagi yake. Kila koili inatembea na resista yake, na siku ukibadilisha koili shambani huhitaji kufungua kitu.

Upande wa kusuka: nyaya zenye ganda la plastiki, kama zile za ndani ya kebo ya mtandao, zinakaa mbalimbali kuliko waya wa enameli, kwa hiyo koili inatulia haraka. Waya wa enameli unafaa pia, ila usikaze mno na usikwangue rangi. Mzunguko mmoja tu ukigusana na jirani yake unakuwa pete iliyofungwa, na pete iliyofungwa kwa kifaa hiki ni metali iliyolala juu ya koili. Usifungie kwa waya wa chuma wala skrubu. Tepu na gundi vinatosha. Kebo ya kwenda kwenye boksi iwe ya nyaya mbili za milimita 0.75 za mraba, isizidi mita 1.2. Kebo yenye ngao ya waya inaongeza karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na itakulazimu utafute resista upya.

Kama bado kuna mngurumo unaopanda na kushuka

Ngurumo inayoyumba polepole kama wimbi, hasa ukiwa karibu na nyumba, ni umeme wa gridi. Mahali penye gridi ya hezi 50, mipigo 139 kwa sekunde iko jirani na 150. Badilisha resista ya kilo-omu 100 kwenye 555 iwe 110, utashuka mpaka 127 hivi, katikati ya 100 na 150. Penye gridi ya hezi 60 weka 91, utapata 152, katikati ya 120 na 180. Kapasita ya nanofaradi 100 inayopanga muda iwe ya polyester. Zile za seramiki za rangi ya kahawia hubadilika sana na joto: jua likiwaka, mpigo unahama na kizingiti (pale ulipokirekebisha kifaa kianze kulia) kinahama nao.

Kuhusu sarafu na koili ya sentimita 30, usitegemee miujiza. Koili pana inasambaza nguvu yake kwenye eneo kubwa, na kitu kidogo kinapata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Ikikuonyesha sarafu kwa umbali uleule wa ile ya 19, umeisuka vizuri. Faida yake utaiona kwa chungu, jembe na vipande vikubwa. Sarafu ndizo unazotafuta? Ibakize ya 19, na nguvu zako zipeleke kwenye kutafuta resista yake upya kwa kile kijiti na sarafu, maana hiyo 390 uliyoikuta kwenye mchoro ilichaguliwa kwa koili ya mtu mwingine. Sentimita 15 kwenda 20 inawezekana hapo hapo, bila kusuka mzunguko hata mmoja.